Bangili ya Wifi na Mayai ya Nahodha

Katika kituo cha utafiti wa samaki, kile kilichojengwa juu kidogo ya ukuta wa bwawa, alikuwepo mama mmoja aliyepima hata sukari ya chai yake mara mbili. Watu walimwita Bi Nukta, kwa sababu siku moja aliwahi kurudisha ripoti ya kurasa themanini kwa aliyeiandika akidai kuna nukta imekaa pasipo pake. Ikatafutwa, ikaonekana. Kwa miaka kumi na minane Bi Nukta aliongoza sensa ya samaki wa bwawa lile, na miaka yote hiyo sheria yake ilikuwa moja: wavu ule ule, mahali pale pale, saa ile ile. Aliiandika kwa wino mwekundu kwenye ubao wa stoo, na mgeni akija kituoni alionyeshwa ubao huo kabla ya kuonyeshwa choo.

Sasa Jumatatu moja asubuhi sheria hiyo ilimletea habari mbaya. Nyavu kumi zilizolala usiku kucha katika mkono wa juu wa bwawa, kule mto unakoingilia, zilitoka na samaki watatu. Si mia tatu wala thelathini. Watatu, na mmoja wao alikuwa mdogo kiasi kwamba Nahodha alimwomba radhi kabla ya kumlaza kwenye mizani.

Huyu Nahodha ndiye aliyeendesha boti ya kituo. Alikuwa mtu wa mwili na wa maneno mengi, na tangu ujana wake hakupanda boti bila mayai manne ya kuchemsha ndani ya kopo. Lakini mwaka juzi mambo yalimharibikia. Kila nyavu zilipovutwa, boti ilijaa harufu ya mayai viza, na Bi Nukta, ambaye hakuwa mtu wa kuzungukazunguka, alimwandikia barua rasmi yenye mhuri: kuanzia leo ni marufuku kuingia na mayai ndani ya boti ya kituo. Nahodha aliapa kwa kila anachokiamini kwamba mayai yake yalikuwa yametagwa juzi na jana. Haikusaidia. Harufu nayo haikuisha, na alipolitaja hilo, Bi Nukta alimjibu kwamba basi bila shaka anayala nyumbani na kuja nayo tumboni.

"Watatu," Bi Nukta alisema huku akiandika kwenye fomu.

"Tuwape majina?" Nahodha aliuliza.

Bi Nukta hakucheka. Huu ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo hesabu ya mkono wa juu kushuka, na kanuni za Baraza la Bwawa zilisema wazi kwamba sehemu ikishuka miaka mitatu, mwalo wake, bandari ndogo ya wavuvi, unafungwa kwa miaka mitatu mingine ili samaki wapumzike. Baraza lilikuwa likutane Ijumaa, na ripoti ilitakiwa kutoka mkononi mwake.

Mwalo wenyewe ndio uliomkaba roho. Pale ndipo wifi yake, dada wa mume wake, alipolea watoto wanne baada ya kufiwa na mumewe. Wifi huyo alikuwa na boti mbili na nyavu zake mwenyewe, na mdomo uliompatia jina la Kasuku. Mtoto wake wa kwanza alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi, wa mwisho alikuwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu, na wote walikula, walivaa na walisoma kwa samaki wa mkono ule. Bi Nukta alimpenda sana wifi yake. Ni vizuri tuliseme hilo mapema, maana walivyokuwa wakizungumza, mtu angeweza kudhani vingine.

Ugomvi wao, kama tukiuita ugomvi, ulihusu bangili. Bi Nukta alipopata mshahara wake wa kwanza baada ya kuolewa, alimnunulia wifi yake bangili ya fedha, nzito, ya kung'aa. Kasuku aliivaa siku ile ile na hakuivua tena. Kisha mwaka juzi bangili ilianza kuwa nyeusi. Kasuku hakuwa mtu wa kuliacha jambo kama hilo lipite. Kila penye mkusanyiko wa familia alinyoosha mkono juu na kupaza sauti, "Jamani, njooni mwone fedha ya msomi! Sufuria yangu ina rangi nzuri zaidi!" Watu walivunjika mbavu. Bi Nukta alivumilia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu, mbele ya keki ya kuzaliwa ya mtoto, alifungua mkoba akatoa risiti ya duka, iliyohifadhiwa miaka kumi na mmoja ndani ya karatasi ya plastiki. Hapo ndipo watu walipocheka mpaka wengine wakatoka nje.

Jumanne jioni alikuwa mezani kwake nyumbani, mbele ya ukurasa wa mwisho wa ripoti, kalamu mkononi, na haukuandikika. Mume wake alikuwa jikoni akimenya viazi. Mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Ni kweli mnatufungia?" Kasuku aliuliza akiwa bado kizingitini.

"Karibu kwanza, wifi. Kaa."

"Sikai. Nikikaa nitalia, na nikilia nitasahau nilichokuja kusema. Ni kweli au si kweli?"

"Samaki watatu, wifi yangu. Nyavu kumi."

"Samaki wapo!"

"Wifi, nakuheshimu, lakini nimefanya kazi na wavuvi miaka kumi na minane. Mkisikia mwalo unafungwa, samaki wamejaa mpaka wanapanda miti. Mkisikia mkaguzi wa leseni anakuja, samaki hao hao wamekufa wote na mmeshawazika. Ndiyo maana tunatega wenyewe."

Kule jikoni kisu kiliacha kumenya. Mume wa Bi Nukta alikuwa mtu mpole, na alijua kwamba kukaa kati ya mke na dada ni kujitafutia maradhi.

Kasuku alishika bangili, akaizungusha, akaivua kwa shida, kwa sababu mkono ulikuwa umenenepa tangu ilipovaliwa mara ya kwanza. Akaiweka juu ya ripoti.

"Chukua bati lako," alisema taratibu, na utaratibu huo ndio uliomtisha Bi Nukta. "Mtu aliyeniambia hili ni fedha ndiye anayeniambia leo kwamba bwawa halina samaki. Nimwamini kwa lipi?"

Maneno yalimchoma. Bi Nukta aliinuka na kwenda bafuni, akarudi na dawa ya meno na kitambaa. Alikaa akaanza kuisugua bangili ile kwa hasira, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Weusi ulitoka. Chini yake palikuwa na fedha, safi, ikimeta chini ya taa hata mume akachungulia kutoka jikoni.

"Hii ni nini?" Bi Nukta aliuliza.

Kasuku aliinama kuangalia. "Mbona inang'aa?"

"Kwa sababu ni fedha! Risiti ninayo!"

"Usinitolee risiti, tafadhali! Mimi nimeisugua mara ngapi kwa majivu? Inang'aa leo, keshokutwa nyeusi tena. Fedha gani hiyo?"

Hapo hasira ya Bi Nukta ilisimama kidogo, kwa sababu aliguswa mahali ambapo hakuweza kujizuia. Alikuwa amesikia kitu kinachojirudia, na kitu kinachojirudia lazima kiulizwe.

"Keshokutwa kila mara?"

"Kila mara. Isipokuwa ile wiki niliyokwenda kumwona mwanangu chuoni. Hiyo wiki haikubadilika."

"Huko chuoni hukuvua samaki."

"Ningevua wapi, kwenye beseni la kufulia?"

"Na ukiwa hapa unavua. Mkono huu unashika nini?"

"Kamba ya nanga. Navuta nanga mwenyewe, simwamini mtu." Kasuku alikunja pua. "Tena siku hizi matope yake, wifi, usiombe. Yananuka yai viza mpaka unataka kujitupa majini, lakini huko majini ndiko yanakotoka."

Bi Nukta aliweka kitambaa chini.

"Rudia."

"Yai viza. Kwani hujui harufu ya yai viza?"

Aliijua. Alikuwa ameijua kwa miaka miwili na zaidi, na ameiandikia barua yenye mhuri. Alikumbuka Nahodha alivyoapa, mkono kifuani, na masikio yake yakapata moto.

"Mungu wangu," alisema. "Mayai ya watu."

Kasuku alidhani wifi yake ameshikwa na homa. Lakini Bi Nukta alikuwa ameshavuta karatasi na kuanza kuchora. Mwaka juzi mvua zilikuwa kubwa, bwawa likapanda mita sita, likameza vichaka, nyasi na mashamba yote ya kandokando ya mkono wa juu. Vitu hivyo vilikuwa vinaoza huko chini. Kinachooza hula hewa iliyomo majini, na maji ya joto ya juu yamelala juu ya maji ya baridi ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, kwa hiyo hewa mpya haishuki. Matope yasiyo na hewa hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo hiyo ikigusa fedha huifanya nyeusi.

"Kwa hiyo bangili..." Kasuku alianza.

"Ni fedha, na inajua kuliko mimi. Maji ya chini hayana hewa, wifi. Hakuna samaki anayeweza kukaa kule."

"Sasa na nyinyi mnatega wapi?"

"Mita moja kutoka chini," Bi Nukta alisema.

Kasuku alimtazama kwanza kuhakikisha hafanyiwi mzaha. Halafu kicheko kikamtoka. Alicheka akashika meza, akaacha meza akashika ukuta, na mwishowe akakaa kwenye kiti alichokuwa amekikataa.

"Sisi tulishapandisha nyavu tangu mwaka juzi!" alisema akifuta machozi. "Wavu wa chini ulitoka mtupu na unanuka, tukafupisha kamba, ukaelea, mambo yakawa mazuri. Nani ana muda wa kuuliza kwa nini?"

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza? Kila ukija mwaloni unakuja na fomu. Wavu wa aina gani, matundu ya ukubwa gani, jina la boti. Fomu yako haina mahali pa kuandika kina."

Fomu hiyo aliitunga nani? Bi Nukta mwenyewe, na aliwahi kupongezwa kwa sababu yake. Alifungua ripoti za nyuma kutafuta walichoandika kuhusu hali ya maji, na huko alikuta lile lililomwumiza zaidi. Kipima hewa cha kituo kiliharibika mwaka juzi na tangu hapo kilikaa kabatini kikisubiri kipuri. Kwenye nafasi ya "hali ya maji" palikuwa na mwandiko mzuri, uliolala upande mmoja: kama mwaka jana. Mwaka uliofuata tena: kama mwaka jana. Mwandiko ulikuwa wake.

Asubuhi ya Jumatano alisimama mbele ya meza ya mkurugenzi wa kituo, kijana aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, akamwambia ripoti haitoki.

"Lakini Bi Nukta, Baraza linaisubiri. Na tukibadilisha namna ya kutega, hesabu za miaka kumi na minane hazitalingana. Wewe ndiye uliyenifundisha. Wavu ule ule, mahali pale pale..."

"Mahali pale pale pamehama, mwanangu," Bi Nukta alisema. "Mimi nimebaki nabisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe walishaondoka. Nitatega nyavu tano chini kama kawaida, na tano juu. Nipe mpaka Ijumaa asubuhi."

Mkurugenzi alikuna kichwa. Alikuwa hajawahi kumsikia mama huyu akisema kwamba amekosea, na hakujua kama kuna fomu ya kujaza. Akampa mpaka Ijumaa asubuhi.

Kipima hewa kiliazimwa kwenye mtambo wa kusafisha maji ya kunywa, kwa ahadi kwamba kitarudi kikiwa kikavu. Mchana waliingia botini watatu: Bi Nukta na daftari lake, Kasuku na bangili yake mkononi, na Nahodha ambaye hakuwa ameambiwa kitu na alikuwa na wasiwasi wa kuongezewa barua nyingine. Kasuku aliwaongoza mpaka katikati ya mkono wa juu. Bi Nukta aliteremsha kipima hewa kwa waya wake, mita kwa mita, akisoma kiasi cha hewa kwa sauti.

"Juu kabisa, saba. Mita mbili, saba. Mita nne, sita. Mita tano, mbili." Akafuta kioo cha kifaa. "Mita sita, sifuri. Saba, sifuri. Nane, sifuri."

Aliendelea mpaka mita kumi na mbili, ambako matope yalianza, na ilikuwa sifuri njia nzima. Alipopandisha waya, ncha yake ilitoka na matope meusi, na harufu ikajaa boti.

Nahodha aliinua pua. Akanusa kushoto, akanusa kulia, akainama akanusa waya wenyewe. Macho yakamtoka pima.

"Mayai yangu!" alipiga kelele. "Hii ndiyo harufu mliyosema ni mayai yangu!"

"Ndiyo," Bi Nukta alisema. "Nimekuonea, Nahodha. Miaka miwili nimekuonea, tena kwa maandishi. Nakuomba radhi, na kesho nitakuomba kwa maandishi."

Nahodha alivua kofia. Tungetegemea angesema jambo kubwa, maana alikuwa na maneno mengi kila siku ya maisha yake, lakini alifungua tu mfuko wa jaketi lake la kujiokolea na kutoa kopo. Ndani mlikuwa na mayai manne.

"Ulikuwa umeyaficha humo siku zote?" Kasuku aliuliza.

"Tangu barua ile sikula hata moja ndani ya boti," Nahodha alisema. "Nilikuwa natembea nayo tu, huenda siku moja haki ingetendeka."

Walikula palepale, yai moja kila mtu, na la nne lilikuwa la Nahodha bila mjadala. Kisha wakafanya kazi. Nyavu tano zilishushwa mita moja kutoka chini, kwa kanuni. Nyavu tano zilifupishwa kamba za maboya ili zining'inie mita tatu kutoka juu, na mafundo yake alifunga Kasuku, akimkosoa wifi yake kila alipotaka kusaidia.

Alhamisi kulipopambazuka walianza na za chini. Ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili tupu. Ya tatu ilileta buti la mpira la mguu wa kushoto, na Bi Nukta aliliandika. Ya nne na ya tano hazikuwa na kitu ila uvundo. Wakageukia zile za juu, na Nahodha aliposhika kamba ya wavu wa kwanza, boti iliinama.

"Umekwama," Bi Nukta alisema.

"Haujakwama," Nahodha alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unacheza."

Wavu ulipanda ukiwa mweupe kwa samaki. Ningu wa urefu wa mkono, perege wapana kama sahani, wakipigapiga mikia, wakirusha maji machoni. Wavu wa pili vivyo hivyo. Bi Nukta alihesabu mpaka mia moja akapoteza hesabu, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, akaanza upya huku akicheka na kulia kwa pamoja. Walipomaliza wavu wa tano walikuwa na samaki mia mbili na kumi na wanne wa aina sita. Mama yule aliyekuwa hapandishi sauti hata akikanyagwa kidole alipiga kigelegele kilichowafukuza ndege juu ya miti iliyozama nusu. Akamkumbatia Kasuku, na boti ikayumba mpaka Nahodha akawaomba wakae, kwa sababu yeye hajui kuogelea na hilo lisitoke nje.

Lakini hakuwa mtu wa kufurahia nusu ya jibu. Aliangalia kilichokosekana. Gogogo na kambare, ambao zamani walijaa kwenye nyavu za chini, walikuwa wachache sana. "Wale wanapenda sakafu," alisema. "Na sakafu haikaliki. Wako wapi?" Kasuku alimwonyesha kwa kidole. Wakaenda mpaka mdomoni mwa mto, ambako maji yaliingia kwa kasi na kuleta hewa yake yenyewe mpaka chini, na wavu wao mdogo uliotegwa kwa saa moja tu ulileta gogogo kumi na wanane na kambare wanne wenye masharubu ya heshima. Wakarudi wakipita kandokando, juu ya vichaka vilivyofunikwa na maji. Bi Nukta aliinama ukingoni mwa boti. Katikati ya matawi, penye maji ya kina cha magoti, vitoto vya samaki vilikuwa vinakimbia huku na huko, vingi kiasi kwamba chini hakukuonekana.

"Vichaka vile vile," alisema polepole. "Chini vinaoza na kumaliza hewa. Huku pembeni vimekuwa chumba cha kulelea watoto. Wifi, bwawa lako halijafa. Limepanga upya vyumba."

"Nilikwambia samaki wapo."

"Uliniambia."

"Sema tena, Nahodha hakusikia."

"Uliniambia, wifi!"

Ijumaa ukumbi wa Baraza ulijaa. Wavuvi walikaa nyuma na nyuso za msiba, wenye mtambo wa umeme wa bwawa walikaa mbele, na mwenyekiti, bibi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, alimpa Bi Nukta nafasi. Alikuwa na picha, alikuwa na hesabu, angeweza kuanza na samaki mia mbili na kumi na wanne na kila mtu angepiga makofi. Akapiga moyo konde akaanza na lingine.

"Kosa ni langu," alisema. "Kwa miaka mitatu nimetega nyavu mahali ambapo samaki hawawezi kupumua, na nikawaandikia kwamba samaki hawapo. Kipimo cha maji kilikuwa kibovu. Badala ya kusema hatujui, niliandika kama mwaka jana."

Mkurugenzi aliangalia viatu vyake. Kisha Bi Nukta akaeleza yote, maji ya juu na ya chini, mto, vichaka, nani amehamia wapi na kwa nini, na alipofika kwenye buti la mguu wa kushoto watu wa mbele waliangua kicheko. Wa nyuma hawakucheka bado. Walikuwa wanasubiri neno moja.

Lilichukua saa nzima ya maswali. Mwishowe mwenyekiti alisema mwalo wa mkono wa juu haufungwi. Masharti ni mawili: asiruhusiwe mtu kutega kwenye vichaka vya pembeni, mahali pa vitoto, na kila mwezi maji yapimwe na samaki wahesabiwe kwenye kila kina. Hapo ndipo nyuma kulipolipuka. Wavuvi walisimama juu ya viti, Nahodha alimbeba mtu asiyemjua, na Kasuku alikuwa anapiga kelele kwamba kumbe wifi yake amemwokoa ili amfunge, kwa sababu nyavu zake mbili ziko vichakani hivi sasa, na kwamba atazitoa leo leo, na kwamba ana furaha mpaka anaumwa.

"Kimya kidogo," mwenyekiti alisema, akivaa miwani ya pili juu ya ya kwanza ili asome vizuri. "Ripoti hii nina swali nayo. Hapa pameandikwa vifaa vilivyotumika. Boti, moja. Nyavu, kumi. Wavu mdogo, mmoja. Kipima hewa, kimoja, cha kuazima. Mayai ya kuchemsha, manne. Bangili ya fedha, moja." Akainua macho. "Bangili?"

"Ya fedha," Bi Nukta alisema. "Halisi."

Watu wote wa familia na wote wa mwaloni waligeuka kumtazama Kasuku. Kasuku alinyoosha mkono juu, kama alivyozoea, ila safari hii alinyamaza.

Baadaye walisimama wawili juu ya ukuta wa bwawa, wakingoja Nahodha ajaze mafuta. Jua lilikuwa kali, maji yakimeta mpaka mbali. Bangili ilikuwa imeanza tena kuwa nyeusi kwa ndani, kwa sababu ya matope ya juzi.

"Wifi," Bi Nukta alisema, "nina swali moja."

"Huna fomu leo?"

"Sina. Miaka miwili uliamini ni bati. Umewaambia watu wote. Mbona hukuivua?"

Kasuku alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Ningeivuaje? Si ulinipa wewe?"

Bi Nukta alifungua mkoba wake. Ndani ya karatasi ya plastiki ilikuwamo risiti; alikuwa amekuja nayo mkutanoni kwa tahadhari, endapo mtu angebisha. Aliitoa, akaitazama mara ya mwisho, tarehe na mhuri na yote, kisha akaichana vipande viwili, vinne, vinane. Alinyoosha mkono nje ya ukuta kuvirusha.

Kasuku alimdaka mkono.

"Usivitupe majini, wifi," alisema. "Huko chini hewa yenyewe haitoshi."